Chungu cha Mbaazi

Usiku kucha nilijiuliza lipi baya zaidi, kula chakula cha watu wenye njaa au kukikataa. Jana nilikikataa, mama mmoja wa hapa aliponiletea chungu cha mbaazi. Sisi vijana tuliomaliza chuo juzi tumevuka mpaka kuja kuwasaidia wanakijiji kujenga shule, na kiongozi wetu alituonya tusiwamalizie akiba. Leo mama yule yule ameleta mbaazi tena, na harufu yake imenirudisha kijijini kwetu, Mbumbuni.

Nilikuwa mdogo, na mvua ilikuwa imekataa. Wanafunzi wa Kizungu walikuja kujenga nasi shule. Kwetu, anayekusaidia kazi humwachi aondoke bila kula, kwa hiyo mama yangu alipika mbaazi alizoziweka za mbegu, akawapelekea. Wageni wakatabasamu, wakatikisa vichwa.

"Wanasema mle wenyewe, njaa ni kali," mwalimu akatafsiri.

Mama akachota, akaonja mbele yao, akameza, ili waone hakuna sumu. Wakakataa tena.

"Dada, leo umeonekana mchawi!" jirani akamtania. Wanawake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikibeba chungu hadi nyumbani kikiwa kimejaa, na sisi watoto, kwa njaa yote ile, hatukuthubutu kuomba.

Sasa mama wa hapa amefunua chungu chake. Ananitazama, kisha anainua mwiko ili aonje kwanza.

"Usionje, mama," nikamwambia.

Nikakinga bakuli, nikala.