Majina ya Mfano

Kila nikipita Sake natazama upande mwingine pale palipokuwa na depo ya malori. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa misa ya kila asubuhi, na malori yake yalipeleka watu Masisi na Walikale, vita au si vita. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni na kompyuta mkononi na kiburi kichwani. Alinipa kazi ya kumtengenezea mfumo wa kuandikisha abiria.

Hadi hapo waliandikwa na karani mmoja, mama wa Karuba, katika kaye, daftari lake. Aliandika jina na lori, halafu akauliza swali lake la siku zote: "Nani anakungojea kule?" Mtu akipotea njiani, kumtafuta kulianzia kwenye kaye hiyo.

Nilitengeneza mfano wa majaribio: kurasa za kwenye skrini tu, ili wazione, wazikosoe, nijue kinachokosekana. Haukuhifadhi kitu. Ukiuzima yanabaki majina matatu niliyoyatunga mwenyewe. Nilimwonyesha karani mbele ya patron, yule mwenye malori. Akasema, "Iko muzuri, papa." Nilijua hawezi kuukosoa mbele ya mkubwa wake. Lakini sifa ni tamu, nami nilizilamba.

"Hii njo kazi!" patron akasema. "Kesho tunaanza. Ile kaye, mufunge."

Ningeweza kusema neno moja tu: bado. Niliona aibu. Nikajiambia nitaumalizia jioni moja moja, hakuna atakayejua.

Siku ya tatu karani aliingiza abiria kwenye skrini yangu, malori mawili yakaondoka kwenda Walikale, na mapigano yakayakuta njiani. La kwanza lilipita. La pili lilichomwa moto pamoja na watu waliokuwamo.

Baada ya wiki akaja mwanamke, mtoto mgongoni. "Bwana yangu alikuwa anaenda Omate, kule Walikale. Alipanda lori gani?"

Karani alifungua kaye, akanionyesha mstari wake wa mwisho: *Kuanzia leo, mu mashini.* Wote wawili wakanigeukia. Niliwasha kompyuta. Yakatokea yale majina matatu.

"Jina yake iko?" mwanamke akauliza.

"Hapana, mama."

Uso wake ukafunguka. "Basi hakupanda! Mungu asifiwe. Nitaenda kumungojea nyumbani."

Karani alinitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwita yule mama arudi; alitembea polepole, kwa sababu ya mtoto. Sikumwita.