Jike Mwenye Sikio Lililochanika

Ipo siku moja naikumbuka sana, mwanangu, na leo imenirudia nilipokuona unafunga begi huku mguu mmoja uko nje. Kesho wewe na rafiki zako wa Dar mnapanda bodaboda hapa Kibiti kwenda kuona maziwa kule ndani, kwa matembezi tu. Sikukatazi. Kaa kidogo unisikilize, na hiyo simu iweke chini, bibi yako hayumo humo.

Nilikuwa msichana kama wewe, miguu inaniwasha. Shangazi yangu, Bi Mwanaidi, aliishi kando ya mojawapo ya maziwa hayo, nami nilikwenda kukaa kwake wakati wa mavuno. Ng'ambo ya ziwa msitu unateremka mpaka majini, na chini yake mayungiyungi yametanda hata maji huyaoni. Nilitaka kufika pale mpaka nikakosa usingizi. Kesho yake kaka yangu angekuja kunichukua, na nyumbani posa ilikwisha pokelewa. Nilijua nikishaolewa hakuna atakayeniruhusu kwenda kutazama maua.

Shangazi akakubali kunivusha. Tukaingia mtumbwini, lakini hatukuondoka. Kule mtu haanzi kupiga kafi kama anayetoroka deni. Kwanza hugonga ubavu wa mtumbwi, kisha hungoja viboko waibuke, ajue wako wapi apate kupita mbali nao. Ndiyo hodi ya ziwani. Na Shangazi aliwajua viboko wa upande ule kama anavyowajua wakwe zake. Akagonga. Wakaibuka, mmoja hapa, mwingine pale, wanapuliza maji kama wanaotusonya. Mimi nikashika kafi.

"Bado," akasema. "Yule jike mwenye sikio lililochanika simwoni. Na ana mtoto."

"Labda amehama, Shangazi."

"Labda haivushi mtu, Somoe. Tulia."

Akagonga tena. Jua likapanda. Nikagonga na mimi, kwa hasira, mpaka akaninyang'anya kafi. Yule jike hakuonekana. Mwisho Shangazi akashuka, akauvuta mtumbwi mchangani.

"Hatwendi," akasema.

Nililia, mwanangu. Nikamwita mwoga, neno ambalo msichana hamwambii shangazi yake. Hakunipiga. Alinikemea kwa sauti ya chini: "Wataka ziwa likuoneshe hatari ndipo uamini. Likishakuonesha, utamsimulia nani?"

Sasa unangoja niseme kwamba yule kiboko aliibuka palepale tulipotaka kupita. Hakuibuka. Tulikaa ukingoni hadi adhuhuri, mimi nimenuna, na maji yametulia tu. Mpaka leo sijui kama alikuwepo. Na ng'ambo sikufika. Niliolewa, nikazaa, nikazika, na hasira ile ikanichoma miaka mingi, maana niliona nimenyimwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Hata leo nikisikia harufu ya tope la ziwani naitamani ile ng'ambo. Uzee haujaipoza miguu hii, usidanganyike ukiniona nimekaa.

Lakini nilipompakata mama yako mara ya kwanza nililielewa neno la Shangazi. Aliyeepushwa haoneshwi alichoepushwa. Wakubwa walisema kawia ufike, nami naongeza: hata usipofika, rudi. Wanasema pia majuto ni mjukuu. Basi mimi mjukuu ninaye tayari, simtaki huyo mwingine.

Kwa hiyo nenda. Mkifika, mtafuteni mwenyeji awavushe. Msikimbilie kupiga picha pale ukingoni palipo wazi, penye nyasi fupi panapopendeza kuliko kwingine, kwa sababu ile ni njia ya kiboko. Mgonge ubavu wa mtumbwi, mngoje. Mwenyeji akisema mmoja haonekani, shuka mtumbwini, hata rafiki zako wakikucheka. Ukijaliwa kufika ng'ambo, usinichumie ua. Nitazamie tu, utazame sana. Na usipofika, njoo unilaumu hapa mlangoni, nami nitakuwa nimekupikia ubwabwa.

Mwenyezi Mungu akutangulie, akufungulie njia yenye kheri na kukufungia isiyo na kheri. Na akurudishe mzima, hata kama umenuna.