Chenso Iliyolia Vizuri

Mimi nina mdomo. Mteja akileta mashine iliyochakaa kibandani kwangu Ipagala, namsema kwanza, ndipo naishika. Siku moja alikuja mzee mpasua mbao kutoka Kibakwe, yeye na mkewe, na chenso kuukuu, msumeno wa injini, ndani ya kiroba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na papo hapo nikamwambia, "Mzee, hii si ya kutengeneza, hii ni ya kuzika." Mzee akacheka. Mkewe hakucheka. Alisema, "Ndiyo inayotulisha, fundi. Itazikwa tukipata nyingine."

Nikaifungua. Chujio la hewa lilijaa unga wa mbao, plagi ilikuwa nyeusi tii, na mipira ya kabureta ilikauka ikakakamaa. Nikaosha, nikabadilisha, nikanoa mnyororo jino moja moja. Kazi yote hiyo niliifanya vizuri, sioni haya kusema. Kosa nililifanya mwishoni, kwenye kuiseti.

Wateja wetu wana imani moja: chenso ikilia kwa sauti nyembamba, kali, ndiyo imepona. Ukimpa mtu mashine yenye sauti nzito, anakutazama kama umemuuzia jogoo asiyewika. Pale kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya petroli. Ukiikaza, petroli inapungua na mashine inapiga kelele ya kupendeza, lakini inafanya kazi na njaa na kuchemka kupita kiasi, maana oili ya kuilainisha imo ndani ya petroli hiyohiyo. Fundi anayejiheshimu huilegeza mpaka sauti ikwaruze kidogo. Nikafanya hivyo. Mzee akakunja uso. "Fundi, mbona ina mafua?"

Watu wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Hasira zikanipanda. Mimi nachekwa kwenye kibanda changu? Nikachukua bisibisi nikaikaza ile skrubu, huku najua kabisa ninachofanya. Loo, ililia! Watu wakapiga mbinja, na mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Wiki mbili hazikuisha wakarudi. Mashine imekaba, kamba haivutiki. Nilijiandaa kutukanwa, lakini kabla sijatia neno mzee akaanza yeye. "Nisamehe fundi, kazi yako tumeiharibu sisi. Huyu mama ndiye anayechanganya mafuta, miaka yote. Safari hii kasahau oili."

"Niliweka," mkewe akasema.

"Uliweka wapi? Kwenye mlenda?"

Watu wakacheka tena. Na mimi nikacheka.

Nikafungua silinda. Pistoni ikikosa oili kabisa huchubuka pande zote. Hii ilichubuka upande wa ekzosi peke yake, kule kwenye joto kali, na upande wa pili ilikuwa bado ina utelezi wa oili. Yule mama aliweka. Bisibisi yangu ndiyo iliyoua mashine yao. Nilijua palepale, hata mikono sijafuta, na majirani walikuwa wamesimama wakingoja fundi aseme. Nikasema, "Mafuta, mama, yanataka umakini."

Ndivyo nilivyosema, mtu mzima na akili zangu. Jamani, neno moja tu lingetosha: nimekosea. Lakini kila nilipolivuta lilirudi kooni, nikawaona majirani walionicheka kwa yale mafua wakinicheka tena. Nikaweka pistoni niliyokuwa nayo, nikakataa malipo, na wao wakanishukuru sana. Shukrani zao ziliniwasha kama upupu. Safari hii niliiseti kwa sauti yake nzito, na mzee akaipokea hivyohivyo. Alidhani hana uso wa kunikosoa.

Walipokuwa wanafunga kiroba, mzee akanigeukia. "Fundi, nifanyie hisani moja. Mfundishe huyu kuchanganya. Tangu siku ile nimemnyang'anya dumu, hata kuligusa haligusi. Akishindwa mbele yako, basi, atabaki na jembe lake."

Nikamsogezea petroli na oili. Akatoa kwenye kikapu kikombe kidogo, kile kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, kimeoshwa kikatakata, ubavuni kimekwaruzwa mstari kwa msumari. Akamimina oili hadi kwenye mstari. Akakiinua usawa wa macho, akasubiri oili itulie, akaongeza tone moja. Ndipo akaimimina kwenye dumu la petroli, akalifunga, akalitikisa. Hakumwaga hata kidogo. Katika mafundi wote ninaowajua hapa mjini, sijaona anayepima hivyo.

"Hivi ndivyo nilivyofanya siku ile," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hivihivi, fundi."

"Usibishane na fundi," mzee akamkaripia.

Mama alikuwa ananitazama mimi, dumu mkononi, ananisubiri. Majirani nao wamesogea karibu, na neno nilikuwa nalo mdomoni, mimi mwenye mdomo wa kusema kila mtu.

Nikamwambia, "Ongeza oili kidogo, mama."

Akaongeza, kisha akaniambia ahsante.