Vepu, Sigara na Macho ya Mama

Mtaani wanamwita Pasi, na jina limemkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi. Ni dobi. Chumba chake cha kazi kinatazamana na kinyozi, na ndani yake mna meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili za umeme, ndoo ya wanga, na kamba zilizojaa nguo za watu. Nyuma ya pazia ndipo anapoishi yeye na mama yake.

Kazi hiyo alifundishwa na huyo huyo mama, ambaye baada ya kufiwa na mume alimlea yeye na mdogo wake wa kike kwa mashati ya watu wengine. Mpaka wakati huo wa habari yetu mama alikuwa bado hajakubali kustaafu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akakunja. Alikunja kwa vidole, maana macho yalikuwa yameingia ukungu. Alipapasa kola, akafuata mshono wa bega mpaka kwenye mkono, na shati likatoka limenyooka kuliko lililokunjwa na mwenye macho mazima. Wateja walisifu. Pasi yeye aliona mambo ambayo wateja hawakuyaona, kama vile mama anavyomimina chai kando ya kikombe, kisha anaipangusa haraka kwa upindo wa gauni ili mwanawe asijue.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwamba ni upasuaji mdogo tu. Mdogo kwake yeye. Bei haikuwa na udogo wowote. Kaka na dada wakakaa wakagawana mzigo nusu kwa nusu. Yule dada ni fundi wa mapazia, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alishona mapazia ya ukumbi mzima, akalipwa, akaja na nusu yake taslimu. Mama akaifunga kwenye leso, akaitia ndani ya foronya ya mto wake. Ikabaki nusu ya kaka mtu.

Hapo ndipo Pasi alipojifanya mhasibu.

Alikuwa mvutaji tangu ujana, na hilo ndilo lililomuuma mama kuliko ukungu wa macho, kwa kuwa marehemu mumewe aliondoka duniani akikohoa na pakiti mfukoni. Ila kwa dobi, sigara ina adabu zake. Moshi ukiingia kwenye kitambaa hautoki, na hakuna mtu anayelipa pesa zake ili avae harufu ya mwingine. Kwa hiyo Pasi kila alipotaka kuvuta ilimbidi azime pasi, atoke, avuke barabara, akakae kwenye ngazi ya kinyozi pamoja na wavivu wengine.

Sasa kinyozi akahamia kwenye vepu, ile sigara ya umeme yenye mvuke wa harufu za matunda, na kama ilivyo kwa kila aliyehama, akaanza kuhubiri. Haina majivu, hainuki, na tena ni nafuu: chupa moja ya maji yake yeye humtosha wiki nzima. Chupa zenyewe alikuwa anaziuza mwenyewe, pale pale kando ya mafuta ya nywele, lakini hilo Pasi hakuliona kuwa ni jambo la kutia shaka.

Pasi hupiga hesabu zake zote kwa mashati. Jioni moja, mbele ya mama na dada yake, aliwapigia. Pakiti moja ya sigara ni sawa na kupiga pasi mashati manne. Pakiti kwa siku, wiki ikiisha ni mashati ishirini na nane yaliyopanda hewani. Chupa ya vepu ni mashati kumi, na inamaliza wiki. Yanabaki kumi na nane, kila wiki, na hayo yote ni ya macho ya mama. Aliposema hivyo alifungua mikono kama mtu anayekabidhi nyumba. Dada yake akatikisa kichwa kwa kukubali, ingawa aliuliza kwa nini asiache kabisa. Mama hakuuliza kitu. Alishukuru Mungu kwa sauti kwamba sigara inatoka katika ukoo wake, na akalia kidogo, na wala si kwa ajili ya macho.

Hesabu ilikuwa safi. Ubaya wake ni kwamba haikuwa ya Pasi. Yeye hajawahi kununua pakiti kwa siku maishani mwake. Alinunua moja moja, kama mtaa wote, na zaidi ya nusu ya alizovuta hakuzinunua kabisa. Pale kwenye ngazi ya kinyozi sigara ilitembea. Mwenye nayo aliombwa, asiye nayo aliomba, na mteja aliyekuja kufuata suruali yake alitoa moja kabla hajatoa shukrani. Vepu haiombwi. Kila mtu ana yake shingoni, na ukiomba ya mwenzio utaonekana unataka kutumia mswaki wake.

Na kulikuwa na lile la kuvuka barabara. Sigara ilimtoa kazini, kwa hiyo kazi ilimzuia. Vepu haikunuka, basi haikumtoa. Aliifunga kamba, akaitundika shingoni, akawa anavuta pale pale mezani, kati ya kola na mkono, kati ya mkono na mgongo. Sigara huisha ukaitupa. Hii haikuwa na kipisi cha kumwambia basi. Kinyozi hakuwa mwongo kuhusu chupa yake kukaa wiki, kwa sababu kutwa nzima mikono yake imeshika mashine na kichwa cha mtu. Kwa Pasi chupa ilikaa siku mbili, na tatu akiwa na mafua. Kisha koili, ule waya wa ndani unaochemsha maji, ikaungua, akanunua nyingine. Betri ikagoma, akanunua chombo kipya. Kikaja chenye ladha ya nanasi. Aliruka majivu, akakanyaga moto.

Mwezi wa pili haujaisha, alikuwa ameshajua. Hakuhitaji kuambiwa, dobi anajua mashati yake yanakokwenda. Angeweza kusema, na wala jambo lenyewe lisingekuwa kubwa: jamani, nilikosea. Lakini alikuwa amezipiga hesabu zile kwa mbwembwe mno, na mama alikuwa amelia. Mama alipouliza akiba inaendeleaje, alijibu inaendelea. Dada alipouliza, alijibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeonewa, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Usiku aligeuka upande huu na ule, akijiita mwizi kimoyomoyo, na asubuhi alifungua duka, akavuta kabla hajachomeka pasi.

Tarehe ya hospitali ikafika, naye hana kitu. Alimkuta mama ameshaoga, amevaa gauni lake la heshima, amelipiga pasi mwenyewe kwa kupapasa. Pasi akasimama mlangoni. Akamwambia kwamba daktari amesafiri, amekwenda masomoni ng'ambo, na atarudi baada ya wiki kadhaa. Maneno yalimtoka laini, na hilo lilimtisha zaidi.

Mama alisema pole yake daktari, masomo ni magumu. Akavua gauni, akalitundika. Tangu siku hiyo kila akisali alimwombea daktari safari njema na kichwa chepesi cha kuelewa anachofundishwa, na Pasi, upande wa pili wa pazia, alilazimika kuitikia amina.

Haikupita muda, siku moja ya kazi nyingi, Pasi akainama kukamua shati na vepu ikachomoka kwenye kamba, ikatumbukia kwenye ndoo ya wanga. Aliitoa, akaifuta, akaianika, akaipulizia. Imekufa. Ya kununua nyingine hakuwa nayo. Alivumilia siku ile na iliyofuata akiwa hana raha, akamkaripia mteja bila sababu, akaunguza goti la suruali ya mwalimu mmoja. Mwishowe akazima pasi, akavuka barabara, akaomba sigara kwenye ngazi ya kinyozi. Aliivuta mpaka vidole vikaungua.

Aliporudi, mikono ya mama ilisimama juu ya shati alilokuwa akilikunja. Pua yake haikuwa na ukungu. Aliinuka, akapapasa ukuta, akapita nyuma ya pazia, akakaa huko kidogo. Alirudi na leso mkononi, fundo limekazwa kama alivyolifunga siku ya kwanza.

"Mwanangu, kile kidude chako kimeharibika?"

"Kimeingia maji, mama."

"Basi shika hii. Kanunue kingine leo leo, kabla sigara haijakuzoea tena." Alimtafuta mkono, akamkabidhi fundo. "Daktari bado yuko safarini. Macho yanaweza kumsubiri. Kifua hakisubiri, nilishaona kwa baba yako."

Pasi alibaki ameshika fundo lile. Kulikuwa na dakika, na sitaki kumsitiri, ambayo akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kinyozi, kwenye kile chombo kipya cha bluu. Alikiona. Alijua na bei yake. Ndipo aibu ikampanda mpaka masikioni, akakaa chini sakafuni kando ya kiti cha mama, mahali alipokuwa akikaa utotoni akisubiri chakula.

"Mama, daktari hajasafiri."

Mama akamgeuzia uso.

"Hajaenda popote. Mimi ndiye sina pesa. Nilizivuta."

"Zote?"

"Zote."

Akamweleza yaliyobaki, chupa na koili na nanasi, na jinsi ambavyo sigara za kuomba zilikuwa nafuu kuliko nafuu yenyewe. Alisubiri kugombezwa. Angelipa mashati ya mwaka mzima ili agombezwe. Mama alinyoosha mkono, akaichukua leso, akaipima uzito kiganjani.

"Nilikuwa namwombea safari mtu ambaye yupo hapa hapa," alisema polepole. Kisha: "Hii ni nusu. Nusu ni jicho moja. Kesho nipeleke."

Wakaenda. Daktari, ambaye hakujua ni dua ngapi zimesomwa kwa jina lake, alilitibu jicho la kulia. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona mama ni koti jeupe la muuguzi, na akamwambia kwa upole kwamba aliyelipiga pasi koti hilo ameruka chini ya kola. Muuguzi akacheka sana. Halafu mama akamgeukia mwanawe, akamwangalia kwa muda mrefu, kama nguo inayokaguliwa kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe.

"Umekonda," alisema.

Dada alikuja jioni mbio, uzi bado umemshika kwenye nguo. Alifurahi, akamshika mama mashavu, kisha akauliza la kushoto je, mbona bado. Pasi akafungua mdomo. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno ameshayapanga. Mama akamtangulia. Alisema madaktari siku hizi hawachukui yote mawili kwa mpigo, huanza na moja, wakaangalia, na la pili kaka yako ameshaliwekea pesa. Ilikuwa mara ya kwanza Pasi kumsikia mama yake akisema uongo, na aliusema vizuri, bila kupepesa lile jicho jipya. Dada akamgeukia kaka yake, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka. Nilikuwa na wasiwasi na wewe, nisamehe."

Pasi akasema hakuna neno.

Tangu hapo hajanunua vepu. Sijasema ameacha kuvuta. Ningesema hivyo ningekuwa nampamba tu. Huvuka barabara asubuhi na jioni, huvuta ya kununua, haombi, na kila akifunga duka humpa mama kilichobaki mkononi, hata kikiwa ni bei ya kola moja, mama akakifunge mwenyewe. Leso inajaa, lakini inajaa kwa mwendo wake, na daktari amesema jicho likikaa sana upasuaji huwa mgumu zaidi.

Meza ya pasi iko kushoto kwa kiti cha mama. Pasi alijaribu kukihamishia upande wa pili, mama akakataa, mwanga wa dirisha uko pale na sasa ana jicho la kuutumia. Kwa hiyo wanafanya kazi hivyo hivyo, yeye amesimama upande ule wenye ukungu. Mama akitaka kumwona mwanawe hana budi kugeuza kichwa chote, akamtazama kwa jicho alilolipiwa na binti yake, kisha anarudi kwenye shati.