Jiwe Moja, Pumzi Moja

Jumamosi nilikuwa sokoni Gitega, nikingoja mvua ipungue chini ya bati la mama mmoja muuza maharage, Mkongomani wa Uvira. Mara akaingia mteja ameshika shavu.

"Mama, maharagi yako iko na mawe! Jino yangu imevunjika!"

Watu wakasogea kusikiliza matusi, mimi nikiwa wa kwanza. Mama alivuta ungo, akamwaga maharage, akaanza kuyachambua polepole, akipumua kama mtu aliyelala macho wazi. Mvua ikapiga bati, kelele za soko zikawa mbali. Mteja alipokosa wa kugombana naye, akachuchumaa, akaanza kuchambua pia. Nami nikasahau safari yangu.

Ungo ulipokuwa safi, mama akasema, "Pole, papa. Beba, ni yako."

Mteja alipoondoka nikamuuliza mama siri yake.

"Mi nilikuwaka na mdomo kali. Sasa mutu akinichokoza, nachambua kwanza: jiwe moja, pumzi moja. Zamani nilikuwa najilazimisha. Siku hizi mukono inajiendea yenyewe."

"Na hasira inaisha?"

"Haiishi. Inakaa hapa pembeni, mi naiangalia tu."

Nilirudi nyumbani Muyinga na ungo mpya. Tangu siku hiyo maharage yetu hayana jiwe hata moja. Majirani wanamsifu mke wangu kwa usafi. Hawajui nina hasira kiasi gani.