Mabua ya Kituo cha Mwisho

Mabua ya mahindi yaliyonyeshewa yana harufu yake. Ni tamu kidogo, kama uji ulioanza kuchacha, na ndani yake mna vumbi la tambarare linalowasha pua. Juzi lori lilinipita pale Kiboriloni limebeba mabua mpaka yananing'inia ubavuni, nikapiga chafya mfululizo, na kabla sijafuta pua nilishamkumbuka mama yangu amesimama juu ya shehena, kanga kaikaza kiunoni, anamwambia dereva kwamba hashuki.

Wengi wenu mnajua kwamba kwetu mlimani ng'ombe hachungwi. Anakaa bandani kama bibi harusi, analetewa. Kihamba chetu, lile shamba la kuzunguka nyumba, kilitupa ndizi na kahawa, lakini majani ya kumshibisha ng'ombe hakikuwa nayo. Kwa hiyo baada ya mavuno watu wa Old Moshi tulishuka kwenye mashamba yetu ya chini, upande wa Chekereni, tukakata mabua, tukayafunga mizigo, na majirani watatu tukakodi lori moja.

Sasa niwaambie siri ya nyumba: ng'ombe tuliyemhangaikia hakuwa wetu. Alikuwa wa Mzee Elifasi, aliyemweka kwetu kwa desturi ya kule. Sisi tunamlisha, maziwa na samadi ni vyetu, ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili ni wetu. Wa kwanza alikwisha kwenda. Wa pili alikuwa tumboni. Kiangazi kile kilikuwa kikali, mbavu za ng'ombe zikaanza kuonekana, na Mzee Elifasi akaja kuangalia mali yake. Alizunguka banda, kisha akasema atarudi baada ya mwezi, na akimkuta vile vile atamhamishia kwa mwingine. Akihama yeye, na ndama wetu kahama. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa na nyumbani tulimwona kwa nadra, hivyo neno lile Mama alilimeza peke yake.

"Hatoki," alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Kupakia lori la mabua kulikuwa na sheria zake. Anayekaa juu kabisa mlimani anapakia wa kwanza, maana mzigo wake ndio wa mwisho kushuka. Sisi tulikaa juu kuliko wote. Kwa hiyo Mama alifika shambani wa kwanza, mabua yetu yakawa chini kabisa, juu yake ya Mwalimu Yona, na juu ya yote ya Mama Aneti, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza njiani. Na kulikuwa na sheria ya pili, iliyo kubwa zaidi: ukishashushiwa wewe, huendi kwako. Unapanda tena, unamshushia mwenzako, mpaka gari libaki tupu. Ndipo unarudi kwa miguu, umechoka, na hakuna anayekupa pole kwa sababu wote mmechoka.

Tulipita mjini, tukapita Kiboriloni, tukaanza kupanda. Kwa Mama Aneti, Mama alishusha mizigo kama mtu anayezima moto. Mimi nilinuna. Nilikuwa mtoto wa kununa, mpaka leo ndugu zangu wananitania kwa hilo. Niliona anamaliza nguvu zake kwenye mabua ya watu.

Hapo mvua ikaanza, mvua isiyo ya msimu, baridi kama maji ya mfereji. Mama Aneti alitazama juu, akatazama mabua yake yaliyolala wazi uani, akasema, "Jamani, ngoja niyaingize kwanza." Hakurudi. Kwa Mwalimu Yona ikawa vivyo hivyo. Alisema kifua kinambana. Labda kilimbana kweli.

"Shukrani ya punda mateke," nilisema kwa sauti, nikijiona mkubwa.

"Nyamaza, Ndeshi. Shika kamba."

Kwenye mlima wa mwisho, mbele kidogo ya kanisa, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Dereva, Mpare mmoja tuliyemwita Baba Hadija, alijaribu, akajaribu tena, mkia wa lori ukateleza kuelekea mferejini. Akazima injini, akatoka.

"Shuka, Mama Ndeshi. Mwisho wa gari ni hapa."

"Mwisho ni kwangu. Sishuki."

"Mama, nikiingia mferejini nani atanitoa? Na dizeli niliyobaki nayo ni ya kunirudisha mjini tu. Unajua mwenyewe inavyopatikana."

Alijua. Miaka ile dizeli ilipangiwa foleni kama sukari. Mama aliyatazama yale magurudumu, akatazama juu kwetu. Nilifikiri atalia. Badala yake alianza kufungua kamba. Tulishusha mizigo sisi watatu, dereva, Mama na mimi, tukaiweka kando ya barabara, na Baba Hadija, Mungu amrehemu popote alipo, akatuachia turubai lake.

"Utanirudishia Kiboriloni," alisema. "Lakini msiyaache hapa. Yakilowa, ndani ya siku mbili yameoza."

Jioni ile tulibeba tulichoweza, ng'ombe akala. Alfajiri Mama aliniamsha, tukateremka kwa Mama Aneti. Njiani niliandaa matusi yangu yote ya Kichagga, yale ambayo Mama hakujua kuwa nayajua. Nilitaka sana kuona watu wazima wanagombana.

Mama Aneti alifungua mlango, akainamisha macho. Mama akamsalimia, akauliza, "Mabua yako yamelala pakavu?"

"Yamelala pakavu, mama."

"Vizuri. Chukua kata yako. Kazi ya jana haijaisha."

Ndiyo hayo tu. Mama Aneti aliingia ndani, akatoka na kata ya kichwani na binti zake wawili. Kwa Mwalimu Yona ikawa vile vile, na kifua chake kikapona papo hapo. Kabla ya saa sita mabua yote yalikuwa kwetu. Mzee Elifasi aliporudi alimpapasa ng'ombe mbavu, akaondoka bila ng'ombe, na ndama wetu akazaliwa, jike.

Matusi yangu yalibaki bila kazi, na kwa miaka mingi nilimlaumu Mama kwa hilo. Niliona alijishusha, alikwenda kubembeleza watu waliomtupa. Nilipokuwa na nyumba yangu na majirani zangu ndipo nilipoelewa. Angenyamaza, mabua tungeyabeba wenyewe, nusu yangeoza, lakini yangefika. Mama Aneti ndiye asingefika. Angeanza kupita njia ya kando ili asikutane nasi, nasi tungejifanya hatumwoni, na mwaka wa pili tungekuwa maadui bila hata kugombana. Mama alikuwa na haki ya kukasirika, na nadhani alikasirika sana. Lakini aliamka kabla ya jua, akamwahi jirani yake kabla aibu haijageuka chuki.