Si Kila Chuma Hutaka Makali

Mwanangu, katika dunia hii hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Shule niliiacha darasa la sita, na leo nina karakana mbili za kunoa, moja Kapkatet na nyingine Kiptere, na nyumba ya ghorofa ambayo wenye digrii wananilipa kodi. Sikufika hapa kwa kuamini watu. Majani yangu ya chai nayapima nyumbani kabla hayajafika kituo cha kuuzia. Maziwa nayanusa kabla ya kuuliza bei. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi, najiuliza anataka nini. Basi kaa nikueleze juu ya siku ile uwanjani, wakati damu yangu ilikuwa bado moto na kichwa hakijaota mvi, siku niliyomshuku kila mtu aliyekuwepo isipokuwa mmoja.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni makali. Panga za kupogolea chai, visu vya mashine za kuchuma, mashoka, majembe, vyote vimepita mikononi mwangu. Kisu nilichokinoa mimi kinakata mpaka kivuli. Ndiyo maana watu waliniita Makali, hata pasta, hata mama watoto akikasirika.

Nilikuwa na rafiki, Kirui, mfugaji wa Kimulot. Tulijuana tangu tulipokuwa vijana wa kubeba vikapu vya majani. Kati yetu hapakuwa na hesabu. Akikosa dizeli, anachota kwangu. Nikikosa nyasi ya ng'ombe, nakata kwake bila kubisha hodi. Ndiye aliyenipeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, akanidhamini kwa polisi nilipoomba leseni. Huo ni mchezo wa kulala kifudifudi kwenye nyasi na kulenga duara dogo kama kifungo cha shati, mita hamsini mbele. Bunduki yake ni ndogo, na risasi zake ni ndogo pia. Fataki ya risasi hiyo haikai katikati. Imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, kule nyuma. Pini ya bunduki inaugonga huo ukingo na kuubana, ndipo moto unawaka.

Mwaka huo klabu ilikuwa inachagua watu wa kwenda mashindano Nairobi. Nafasi ilibaki moja, na waliobaki tulikuwa wawili, mimi na Kirui. Hapo ndipo moyo wangu ulianza kunong'ona. Rafiki ni rafiki, lakini nafasi ni moja.

Wiki moja kabla ya siku ya kuchaguliwa, nilifungua bunduki yangu nipake mafuta. Nikaona ncha ya ile pini. Mwanangu, ilikuwa butu! Bapa kabisa, kama meno ya ng'ombe mzee. Nikacheka peke yangu. Nikasema, hawa watu wa viwandani wanatuuzia vitu nusu ili turudi kununua tena. Nikachukua tupa ndogo na jiwe laini, nikainoa mpaka ikawa kama mwiba. Sikumwambia mtu. Siri ya ushindi haitangazwi sokoni.

Risasi nilizoagiza zilichelewa. Kirui akanitupia pakiti yake moja akisema, "Chukua, Makali, tutaelewana." Nikachukua. Njiani nilijiuliza: mtu anayeshindana nami, mbona ananipa risasi bila kuulizwa?

Siku ikafika. Ukungu ulikuwa umetoka, mikaratusi imetulia, hakuna upepo wa kusingizia. Msimamizi wa uwanja alikuwa Mama Tabitha, askari jela mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kusimamisha trekta. Nikalala, nikapiga. Ya kwanza ikaingia ndani ya duara. Ya pili ikashuka chini. Ya tatu ndani, ya nne chini zaidi. Hata mlio ulibadilika. Nyingine zilisema *pah*, nyingine zilikohoa kama mgonjwa.

"Makali!" Kirui aliita kutoka mkekani kwake. "Leo unachimba viazi?"

Watu wakacheka. Nikapiga tena, na moshi wenye harufu kali ukanirudia usoni, macho yakawasha. Iliyofuata haikulia kabisa. Nilingoja mpaka Mama Tabitha akaniruhusu kuitoa, kisha nikasimama.

"Kirui, umenipa risasi zilizonyeshewa!"

"Nini?"

"Zilizolala kwenye unyevu. Nafasi unaitaka, sema unaitaka. Mbona unizunguke?"

Kirui alifikiri ni mzaha. Alipoona sicheki, naye akaacha kucheka. "Nimetoa pakiti zote mbili kwa kabati moja," akasema polepole. "Yako na yangu."

"Hiyo ni hadithi yako."

"Kaeni chini nyote wawili!" Mama Tabitha akafoka. "Makali, bunduki yako iache mezani, niichunguze."

Sikukaa. Niliiacha bunduki pale na zile risasi zilizobaki, nikateremka moja kwa moja mpaka kituo cha kuuzia majani, wakati wakulima wamepanga foleni na magunia yao. Hapo nikasema. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na kituo cha majani hakina mlango wa kufunga. Niliwaambia Kirui ni mtu wa kupeana kitu kibovu huku anatabasamu. Kufikia Jumapili maneno yangu yalikuwa yameshafika kanisani kabla ya kengele.

Sasa sikiliza ubaya wake. Kirui alikuwa mweka hazina wa kikundi cha maziwa, miaka mingi, na senti haikuwahi kupotea. Wanachama wakaanza kuulizana: kama anaweza kumfanyia Makali hivyo, rafiki yake wa damu, pesa yetu je? Wakaitisha mkutano, wakamwomba akae kando kwanza. Hawakumwita mwizi. Walimwambia tu akae kando. Nilisikia habari hiyo nikiwa kwenye mashine ya kunolea, na nikubali mbele yako, nilijiona mwerevu. Nilisema, kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekitoa.

Mama Tabitha akaniita. Nilipofika nilimkuta ameweka bunduki ya Kirui kando ya yangu. Hakunisalimia.

"Hizi ni risasi ulizoacha," akasema. "Zile mbovu. Angalia."

Akalala, mama wa umri ule, akazipiga zote kwa bunduki ya Kirui. Tulipoileta karatasi ya shabaha, shimo lilikuwa moja, limepanuka kidogo tu. Hakuna hata moja iliyoshuka. Kisha akaniwekea maganda mezani, ya bunduki ya Kirui huku, ya bunduki yangu kule.

"Haya, fundi. Soma."

Kusoma vitabu kumenishinda, lakini chuma nakisoma. Ganda la Kirui lilikuwa na alama pana, tambarare, imebonyea ukingoni kama kidole kwenye ugali. La kwangu lilikuwa na mkwaruzo mwembamba, huku umeingia sana, huku kidogo. Mawili yalikuwa yametoboka, na tundu lina masizi meusi. Ndio ule moshi ulionirudia usoni.

"Pini yako umeifanya nini?"

"Ilikuwa butu, Mama. Nikainoa."

Akanitazama mpaka nikatamani kuondoka. "Nani alikwambia risasi inakatwa kama sukuma wiki? Hiyo pini imetengenezwa bapa ili iubane ukingo sawasawa kila mara. Wewe umeipa makali, ikaacha kubana ikaanza kutoboa. Moto mara mwingi, mara kidogo. Na bunduki haiguswi na tupa ya soko, inaguswa na fundi mwenye leseni. Ungepoteza jicho, Makali. Jicho lako lipo. Jina la Kirui liko wapi?"

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekalia langu nikipiga kelele. Nilikuwa nimepekua nguo za Kirui nikitafuta kinachonila, kumbe kilikuwa mkononi mwangu chenyewe, katika ile kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka msitu wa Mau.

Nilirudi kituoni siku ya kupima majani, nikapanda juu ya magunia, nikasema mbele ya foleni yote kwamba nilikosea na nilikosea vipi. Kikundi cha maziwa kilimrudisha Kirui. Lakini neno baya hutembea na viatu na neno la kulifuta hutembea bila viatu. Mpaka leo wako wanaohesabu mara mbili pesa aliyoishika yeye.

Kwa hivyo, mwanangu, sikukatazi kushuku. Asiyeshuku huuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini ukitaka kushuku, anzia pale unapojisifu. Kile unachokijua sana ndicho usichokiangalia tena, na kosa hupenda kulala mahali pasipoangaliwa. Na kitu ukikikuta butu, uliza kwanza aliyekitengeneza alitaka kifanye nini. Pia usimtaje mtu kwenye foleni kabla hujatazama maganda yako mwenyewe.

Mungu akupe jicho la kuona mikono yako kabla ya kuona ya jirani. Chai yako ichipuke kila baada ya kupogolewa, ng'ombe wako wasikauke, na ukikosea, ukosee mapema, ukiwa bado na rafiki wa kumwomba radhi.

Nilimpelekea Kirui ndama wa maziwa, jike, wa mbegu nzuri. Alimtazama, akamsifu, akaniambia nirudi naye. Nikamuuliza basi anataka nini. Akasema anataka bei ya ile pakiti, si zaidi. Nilimpa noti tatu za elfu. Akaingia ndani, akatoka na chenji ya mia mbili na hamsini, akaihesabu mbele yangu mpaka sarafu ya mwisho, yeye ambaye hakuwahi kunihesabia kitu tangu ujana wetu, akanipa mkono kama unavyompa mkono mteja. Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyolipwa ukaisha: shilingi elfu mbili, mia saba na hamsini.